Kichaa cha Mbwa: Ufunguo wa Mwizi na Kitasa cha Mwili



Hapa kwetu Kirua Vunjo kuna mbwa katika vihamba vingi. Mbwa hulinda migomba, kahawa, ng'ombe na nyumba. Akibweka usiku tunajua kuna mgeni. Mbwa ni mwenzetu wa kazi. Lakini mwenzetu huyu akipata kichaa, mate yake yanaweza kumuua mtu.

Leo tutajifunza jambo moja. Kirusi cha kichaa cha mbwa kinaingiaje katika mwili wa mtu? Huenda ukasema, "Hayo ni mambo ya wataalamu. Mimi mkulima yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Anayejua mwizi anapita mlango gani ndiye anayejua pa kuweka komeo. Baada ya mbwa kung'ata, kirusi hakifiki ubongoni papo hapo. Kuna muda katikati. Muda huo ndio uhai wa aliyeng'atwa. Akiutumia vizuri atapona. Akiupoteza, ugonjwa ukishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

KIRUSI NI NINI?

Kirusi ni kijidudu kidogo sana. Huwezi kukiona kwa macho. Hata darubini ya kawaida ya zahanati haikionyeshi. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina umbo kama la risasi. Ukivipanga virusi 5,000 vya aina hii katika mstari mmoja, kimoja nyuma ya kingine, mstari huo utakuwa na urefu wa karibu milimita moja tu. Tazama alama ndogo za milimita kwenye rula ya mtoto wa shule, utaelewa udogo huo.

Kirusi hakili, hakinywi wala hakipumui. Kikiwa peke yake hakiwezi kuzaa. Kina maelekezo ya kutengeneza protini 5 tu, na hakina karakana ya kuzitengenezea. Kwa hiyo ni lazima kiingie katika mwili wa kiumbe hai na kutumia karakana ya mwenyewe.

Kirusi hiki kimevaa koti jembamba la mafuta. Juu ya koti hilo imechomoza miiba midogo, karibu 400. Kumbuka mambo haya mawili, koti la mafuta na miiba. Tutayarudia.

SELI NA VITASA VYAKE

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo ndogo zilizo hai. Chembe hizo huitwa seli. Nyumba hujengwa kwa matofali, na mwili umejengwa kwa seli. Tofauti ni kwamba tofali halina uhai, lakini seli inakula, inafanya kazi na inapokea habari.

Kila seli imezungukwa na ukuta mwembamba. Si kila kitu kinaweza kuupita ukuta huo. Lakini seli inahitaji chakula na inahitaji kupata habari kutoka seli nyingine. Kwa hiyo katika ukuta wake kuna mahali maalumu pa kupokelea vitu. Wataalamu hupaita vipokezi. Sisi tutaviita vitasa.

Kitasa kimoja hufunguka kwa ufunguo wake. Ufunguo wa stoo ya kahawa haufungui mlango wa jikoni. Ndivyo ilivyo katika mwili. Mwili hutengeneza funguo zake, na kila ufunguo hukaa katika kitasa chake. Ufunguo ukikaa sawasawa, seli hutii. Inaweza kufungua mlango, kumeza kitu au kufanya kazi iliyoamriwa.

Mwili haukuweka vitasa hivi kwa ajili ya virusi. Uliviweka kwa faida yake wenyewe. Kirusi ni mwizi mwenye ufunguo wa kughushi. Miiba ile iliyo juu ya koti lake ndiyo ufunguo wake. Mwiba ukikaa katika kitasa, seli hudhani amekuja mwenyeji. Mmesikia hadithi za zimwi lililojifunza sauti ya mama ili watoto wafungue mlango. Watoto walifungua kwa sababu sauti ilikuwa ile ile wanayoijua. Seli nayo hudanganyika hivyo hivyo.

KILA KIRUSI NA KITASA CHAKE

Kirusi hakiingii katika seli yoyote kinayoikuta. Huingia katika seli yenye kitasa kinacholingana na ufunguo wake.

Chukua mfano wa UKIMWI. Wengi wetu tumesikia neno CD4 kliniki. Watu husema, "Wamenipima CD4." CD4 ni jina la kitasa kilicho juu ya aina moja ya seli za damu zinazoongoza ulinzi wa mwili. Mwaka 1984 watafiti wa Ufaransa na wa Uingereza walionyesha kwamba virusi vya UKIMWI hushika kitasa hicho ili kuingia. Ndiyo sababu ugonjwa huo hushambulia ulinzi wa mwili. Virusi huvamia nyumba zenye kitasa hicho.

Mfano mwingine ni polio. Panya wa kawaida hawapati polio kama binadamu, kwa sababu hawana kitasa ambacho virusi vya polio vinakitaka. Mwaka 1990 wataalamu walitoa taarifa ya panya waliowafanya wazaliwe wakiwa na kitasa cha binadamu. Walipoambukizwa polio, panya hao walipooza. Hapo ilionekana wazi kwamba kitasa ndicho mlango.

KITASA CHA KICHAA CHA MBWA

Sasa tuje kwenye kichaa cha mbwa. Mbwa mwenye kichaa ana virusi vingi katika mate yake. Aking'ata mtu, meno yake hupasua ngozi na kuyapeleka mate ndani ya nyama. Ngozi nzima isiyo na jeraha ni boma imara, kirusi hakiwezi kuipenya. Lakini jeraha, hata mkwaruzo, ni pengo katika boma.

Ndani ya nyama, yaani misuli, kuna ncha za mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za simu. Ubongo unapotaka mkono uinue jembe, amri hupita katika mishipa hiyo mpaka kwenye msuli. Mshipa ukifika kwenye msuli haugusani nao kabisa. Hutoa dawa kidogo ya mwili ambayo ni mjumbe wa amri. Mjumbe huyo huvuka nafasi ndogo iliyopo na kukaa katika kitasa cha msuli. Msuli hupata amri na kujikunja. Jembe huinuka.

Kitasa hicho cha amri ndicho kirusi cha kichaa kinachokitafuta. Jambo hili lilitangazwa mwaka 1982 na Thomas Lentz na wenzake nchini Marekani. Waliona kwamba virusi vya kichaa hujikusanya mahali pale pale penye vitasa vya amri katika misuli. Kisha wakachukua seli za misuli ya kifaranga na kuvijaza vitasa vyake sumu ya nyoka kwanza, ndipo wakatia virusi. Seli zilizoambukizwa zikapungua. Virusi vilikuta vitasa vimekaliwa.

Kwa nini sumu ya nyoka? Kwa sababu sumu ya nyoka wa jamii ya fira hukaa katika kitasa hicho hicho. Mtu aliyeumwa na nyoka wa namna hiyo hulegea, kope zinaanguka, na anaweza kushindwa kupumua. Amri za ubongo hazifiki kwenye misuli kwa sababu vitasa vimezibwa. Fira anaziba kitasa. Kirusi cha kichaa kinakitumia kama ngazi ya kuufikia mshipa wa fahamu.

Baadaye watafiti walipata vitasa vingine ambavyo kirusi hiki hushika, juu ya mishipa ya fahamu yenyewe. Mwizi huyu ana milango zaidi ya mmoja, lakini yote inaelekea upande mmoja, kwenye mishipa ya fahamu. Mbwa, paka, ng'ombe, mbuzi, bweha na binadamu wote wana mishipa ya fahamu yenye milango inayofanana. Ndiyo maana ugonjwa huu huruka kutoka mnyama hadi mnyama, na kutoka mnyama hadi mtu.

SAFARI YA KWENDA UBONGONI

Kirusi kikishashika kitasa cha mshipa wa fahamu, seli humeza kile kilichoshikwa. Kirusi sasa kimo ndani, kama mtu aliyefichwa katika gunia. Kisha kinaanza safari kuufuata mshipa, kupanda kuelekea uti wa mgongo na ubongo.

Safari hii si ya mbio. Mara nyingine virusi hukaa kwanza penye jeraha kwa siku au majuma kabla ya kuingia katika mshipa. Kwa kawaida dalili za ugonjwa huanza baada ya miezi 2 au 3. Lakini zinaweza kuanza baada ya juma moja tu, au baada ya mwaka mzima. Jeraha la usoni, kichwani au shingoni ni la hatari zaidi kwa sababu njia ya kwenda ubongoni ni fupi. Vidole vya mikono navyo vina mishipa mingi ya fahamu.

Katika muda huo wote mtu hajisikii vibaya. Jeraha limepona. Anapalilia, anakwenda sokoni Himo, anaimba kanisani au anaswali msikitini. Hajui kwamba kuna msafiri katika mishipa yake.

Kirusi kikifika ubongoni huzaana kwa wingi. Hapo mgonjwa hupata homa, na mahali alipong'atwa huwasha au kuchoma. Baadaye huhangaika, hushindwa kumeza, na akiona maji koo hukaza kwa uchungu. Wengine hupooza. Kisha hufariki. Hospitali inaweza kumpunguzia maumivu, lakini hatuna dawa ya uhakika ya kumponya.

Kwa nini hakuna dawa wakati huo? Kwa sababu mwizi yumo ndani tayari. Komeo la mlangoni halimsumbui mwizi aliyekwisha kukaa sebuleni.

KWA NINI SABUNI?

Sasa utaelewa kwa nini sisi wa zahanati tunasisitiza sabuni.

Mbwa akishang'ata, virusi viko bado penye jeraha. Vingi havijashika kitasa. Na kirusi hiki, kama tulivyosema, kimevaa koti la mafuta. Je, mama akitaka kuondoa mafuta kwenye sufuria anatumia nini? Anatumia sabuni. Sabuni huyeyusha koti la kirusi. Koti likiyeyuka, miiba iliyosimama juu yake huanguka. Ufunguo umevunjika. Kirusi kisicho na ufunguo hakifungui kitasa chochote.

Kwa hiyo osha jeraha mara moja, kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Maji ya bomba ni mazuri. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine kwa kata au jagi na mwingine aoshe. Sabuni ya kufulia inafaa. Tazameni saa au simu, maana watu wengi huosha dakika moja wakadhani ni 15. Mtoto atalia. Mbembeleze, lakini endelea kuosha.

Watu wengine hupaka jeraha mafuta ya taa, unga wa betri, pilipili, majivu au majani yaliyotwangwa. Vitu hivyo havivunji ufunguo wa kirusi. Tena vinachoma nyama, vinachafua jeraha na kupoteza muda. Kama una ayodini au spiriti, paka baada ya kuosha. Usilifunge jeraha kwa kulikaza.

KWA NINI SINDANO?

Sabuni hufanya kazi kubwa, lakini haifiki kila mahali. Jino la mbwa ni refu, na virusi vingine vimezama ndani. Hapo ndipo chanjo inapohitajika.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ina virusi vilivyokwisha kuuawa. Haviwezi kuleta ugonjwa. Lakini miiba yake bado ipo. Mwili ukiiona miiba hiyo hutengeneza askari wake, waitwao kingamwili. Kingamwili huganda juu ya miiba ya kirusi, kama ulimbo unavyoganda kwenye miguu ya ndege. Ufunguo uliopakwa ulimbo hauingii katika kitasa. Kirusi kinabaki nje, na mwili unakimaliza.

Mwili unahitaji kama siku 7 hadi 14 kutengeneza askari wa kutosha. Kwa hiyo ni mashindano ya mbio. Askari wafike kwanza, au kirusi kiingie kwanza? Ukichanjwa mapema, askari hushinda. Kwa majeraha makubwa yaliyotoa damu, daktari anaweza pia kuchoma ndani na kandokando ya jeraha dawa yenye kingamwili zilizo tayari. Hizo ni askari wa kuazima. Hulinda mlango mpaka askari wa mwili wenyewe wafike.

Hayo si mambo mapya. Tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur wa Ufaransa alianza kumchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa siku mbili kabla. Alichomwa sindano 13. Mtoto hakupata kichaa. Pasteur hakujua habari za vitasa. Karibu miaka 100 ilipita kabla vitasa kujulikana. Lakini aliona kwamba kuna muda kati ya kung'atwa na kuugua, akautumia.

MANENO TUNAYOYASIKIA

Mara kwa mara wananchi hutuuliza maswali haya.

"Daktari, kidonda kimekauka. Sindano za nini tena?" Mama, ngozi imepona, lakini kirusi hakikai kwenye ngozi. Kinafuata mishipa ya fahamu. Kidonda kukauka si dalili ya usalama.

"Ni mkwaruzo mdogo tu, hata damu haikutoka." Kirusi ni kidogo kuliko mkwaruzo wowote. Osha, kisha njoo zahanati tukuangalie.

"Mbwa ni wetu wenyewe, tunamjua." Mbwa wako anaweza kung'atwa usiku na mbwa mwingine au na bweha, nawe usijue. Kirusi hakiulizi mwenye mbwa ni nani.

"Nimesikia sindano ni nyingi, zinachomwa tumboni." Hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi huchomwa begani au mkononi, na kwa mtoto mdogo kwenye paja. Siku ya kuanza huitwa siku ya 0. Nyingine hufuata siku ya 3 na ya 7. Kwa ratiba nyingine huendelea hadi siku ya 14 na ya 28. Hospitali itakuandikia tarehe. Usiruke hata moja. Mama mjamzito naye anaweza kuchanjwa.

"Niling'atwa mwezi uliopita, nimeshachelewa." Kama hujaanza kuugua, bado hujachelewa. Huenda kirusi bado kiko njiani. Njoo leo.

Kuna neno jingine ambalo hatulisikii, nalo ndilo la hatari kuliko yote. Ni mtoto anayenyamaza. Alimchokoza mbwa wa jirani, akang'atwa, akaficha kwa kuogopa kuchapwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 100 wanaofariki kwa kichaa cha mbwa duniani, karibu 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Wazazi, waambieni watoto leo hii, "Ukikwaruzwa au uking'atwa, sema. Hutachapwa." Kauli hiyo haina gharama, na inaokoa maisha.

ANGALIA NG'OMBE NA MBUZI

Kwetu ng'ombe hufugwa zizini na kuletewa majani. Ng'ombe aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kutoa mate mengi na kushindwa kumeza. Mwenye ng'ombe hudhani amekwama kitu kooni. Anaingiza mkono kinywani kutafuta mfupa au kipande cha ndizi. Mkono wa mkulima hauna uhaba wa mikwaruzo. Mate yakigusa mkwaruzo huo, ni sawa na kung'atwa.

Ukiona ng'ombe au mbuzi wa namna hiyo, usiingize mkono. Mwite bwana mifugo. Usimchinje wala usigawe nyama yake. Usinywe maziwa yake.

TUMZUIE MWIZI NJIANI

Ndugu wananchi, njia bora ni kumzuia mwizi kabla hajafika mlangoni kwetu. Duniani, karibu watu wote wanaopata kichaa, yaani 99 katika 100, huambukizwa na mbwa. Wataalamu wanakadiria kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka duniani. Kwa Tanzania, hesabu iliyotolewa mwaka 2002 ilikadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Wengi wa waliokufa waling'atwa na mbwa ambaye angeweza kuchanjwa.

Mbwa aliyechanjwa ana kingamwili zake. Kirusi kikiingizwa katika nyama yake, ufunguo unapakwa ulimbo pale pale. Hapati kichaa, na hamng'ati mtu kwa kichaa. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa pa kupita na hufifia. Lakini watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka, na mbwa wakubwa hufa. Kwa hiyo kuchanja mara moja na kuacha hakutoshi.

Tuna mfano katika nchi yetu. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilianza mwaka 2010. Ugonjwa ukapungua hata ukatoweka. Chanjo ikalegalega. Mwaka 2016 kichaa kikaingia tena kisiwani. Wakachanja tena kwa nguvu, na kufikia mwaka 2018 kilikuwa kimetokomezwa mara ya pili. Pemba inatufundisha mambo mawili. Kwanza, inawezekana. Pili, ukilala, mwizi anarudi.

Kwa hiyo kampeni ya chanjo ikitangazwa katika kijiji chako, mlete mbwa wako, pamoja na watoto wa mbwa. Mbwa akiwa mkali, amfunge mtu mzima, asitumwe mtoto. Mwenyekiti wa kitongoji na bwana mifugo wakipita, wape hesabu ya kweli ya mbwa wako. Kama kampeni haijafika, iulizeni katika mkutano wa kijiji. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni siku nzuri ya kuuliza swali hilo.

UKING'ATWA, FANYA HIVI

1. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15.

2. Paka ayodini au spiriti kama ipo. Usipake kitu kingine.

3. Nenda zahanati siku hiyo hiyo. Zahanati nyingi hazina chanjo hii. Mwombe mhudumu apige simu kuuliza ni hospitali gani inayo leo, ili usipoteze nauli na siku.

4. Chanjo inaweza kuwa na gharama. Waambie ndugu na majirani mapema. Mkungu wa ndizi unaweza kuuzwa na mwingine ukaota. Mtoto haoti tena.

5. Mwambie mhudumu ilikuwaje. Mbwa wa nani? Alichokozwa au la? Amechanjwa? Yuko wapi sasa? Uliza pia juu ya sindano ya pepopunda.

6. Mbwa akiwa yupo na anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10. Usimuue kwa hasira. Mbwa mwenye virusi katika mate yake huugua na kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, daktari ataamua kama sindano zisimamishwe. Lakini usingoje siku 10 ndipo uanze chanjo. Anza kwanza.

7. Maliza sindano zote kwa tarehe zake.

Wazee wetu wanakumbuka vikundi vya redio vya mwaka 1973, vya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Na sisi tusome hivyo hivyo. Kila mwenye kusoma makala hii amsomee jirani mmoja asiyejua kusoma, kisha wote wawili wahakikishe kuna kipande cha sabuni nyumbani.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kirusi cha kichaa cha mbwa kina ufunguo. Ufunguo huo ni nini, na uko wapi?

2. Sabuni inavunjaje ufunguo huo?

3. Kwa nini chanjo inafaa hata baada ya mtu kung'atwa, lakini haifai dalili zikishaanza?

4. Jirani yako anasema, "Kidonda kimepona, siendi hospitali." Utamjibu nini?

5. Katika kitongoji chenu kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa mwaka huu? Je, wanafika 70 katika 100?